Kutoka maabara ya sukari hadi mtambo wa maji: jopo linaogopa nini?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Kondele hapa Kisumu ingawa kwetu ni upande wa Butere. Nina diploma ya kemia. Nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha sukari kwa miaka 13, mpaka kiwanda kikasimama na wote tukapigwa kalamu. Sasa ni mwaka wa nne nauza mitumba Kibuye. Mwaka huu nimeitwa mahojiano mara mbili, yote ya kazi ya maabara kwenye kampuni za maji, na yote nimeanguka. La kwanza waliniuliza, "Wewe ni mtu wa sukari, huku umefuata nini?" Nikakosa la kusema. La pili mzee mmoja aliniuliza kama mume wangu ataniruhusu kufanya zamu ya usiku, halafu akacheka Kiingereza changu. Wiki tatu zijazo nina lingine, na tangu barua ije kuna mtu ananipigia simu akisema nikituma 30,000 jina langu litapita. Nijiandae vipi? Au niachane na haya mambo nikae na biashara yangu?

JIBU: Dada yangu, lile jopo la kwanza lilikuwa limesoma karatasi zako. Lilijua wewe ni mtu wa sukari siku lilipokuandikia barua. Kama sukari ingekuwa kasoro, karatasi hizo zingebaki kwenye rundo la waliokataliwa nawe usingesikia lolote. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, hapa Kisumu na Nakuru, nikiwa afisa wa wafanyakazi, na sijaona mtu mwenye nafasi ya kumwita mwombaji ili tu amfukuze.

Swali la namna ile huzaliwa na hofu. Mwanajopo ana wasiwasi fulani juu yako, na kwa kuwa hawezi kuutaja waziwazi, anauvika maneno makali. Wewe unasikia lawama, unaanza kujitetea, na wasiwasi wake unabaki palepale. Kwa hiyo kabla ya kujibu jiulize: huyu anaogopa nini? Kisha ujibu hiyo hofu, uache ukali wa maneno upite.

Aliyekuuliza umefuata nini kwenye maji anaogopa kwamba atakufundisha kazi kuanzia alifu. Huyo humtulizi kwa kumwambia unapenda maji, wala kwa ile sentensi ya "natafuta changamoto mpya", ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ikisemwa kalamu yangu haisogei. Unamtuliza kwa kutaja kazi ulizofanya kwa mikono yako.

Hebu tuzitazame. Juisi ya miwa ikitoka kwenye vinu ni chafu, imejaa udongo na nyuzi. Inatiwa chokaa hadi pH ikaribie 7, inapashwa moto, inatiwa dawa ya kukusanya chembe, tope linazama kwenye tangi na juisi safi inachukuliwa juu. Sasa nenda kwenye mtambo wa maji. Maji yanatiwa shabu, chembe zinashikana, zinazama tangini, maji ya juu yanapitishwa kwenye mchanga, kisha yanatiwa klorini. Dawa ni tofauti, na huku hakuna moto, lakini kanuni ni ileile: fanya chembe ndogo zishikane ziwe kubwa, zizame, uchukue kilicho safi. Mtu wa maji hupanga vyombo kadhaa vya maji yaleyale, kila kimoja akakitia kipimo chake cha shabu, akakoroga, akangoja aone kipi kimetulia vizuri zaidi. Hapo ndipo anapojua kipimo cha siku hiyo. Ikiwa uliwahi kupima kasi ya tope kuzama kwenye silinda ya kioo ili ujue dawa inayotosha, basi umefanya ndugu wa jaribio hilo.

Halafu kuna boila, ambayo nina hakika hukuitaja kabisa. Kiwanda cha sukari huendeshwa kwa mvuke, na maji ya boila yasipopimwa, mabomba yanashika magamba na hatimaye yanapasuka. Ugumu wa maji kwa titresheni, pH, chumvi zilizoyeyuka, fosfeti: nani alikuwa akivipima zamu hadi zamu? Ni nyinyi wa maabara. Kwenye wasifu wa watu wa sukari nimeona kazi hii ikifichwa mstari wa mwisho, chini ya "majukumu mengine", huku ukurasa wote wa juu ukiwa ni Brix, yaani kipimo cha sukari iliyoyeyuka kwenye juisi, na utamu wa juisi. Jopo la maji halina haja na Brix. Ukiombwa kupeleka wasifu tena, au ukiruhusiwa kubeba nakala mpya siku ya mahojiano, kazi ya boila na ya kusafisha juisi ziwe juu kabisa, Brix ishuke chini.

Wakikuuliza tena umefuata nini, jibu lako liwe karibu na hivi: "Kwa miaka 13 nilipima maji ya boila kila zamu, ugumu, pH na chumvi. Kipimo kikivuka kiwango, nilimwarifu msimamizi wa boila, tukarekebisha kabla ya madhara. Nilifuatilia pia usafishaji wa juisi kwa chokaa, ambao hatua zake zinafanana sana na kusafisha maji kwa shabu. Ambacho sijafanya kazini ni vipimo vya bakteria, na nimeshaanza kujifunza." Hiyo haifiki dakika moja. Ukimaliza, nyamaza. Wanajopo wakinyamaza pia usitishike ukaanza kuongeza maneno. Mara nyingi wanaandika.

Hayo ya bakteria yasiwe maneno matupu. Hapo ndipo pengo lako la kweli lilipo, na mtu wa ufundi kwenye jopo atalipata kwa swali moja. Jifunze kwa nini E. koli, bakteria wa kinyesi, ikionekana kwenye mililita 100 za maji yaliyosafishwa ni hatari. Jifunze sampuli inavyopitishwa kwenye chujio la utando wenye matundu ya maikromita 0.45, na kwa nini chupa ya sampuli lazima iwe imetakaswa. Jua habari za klorini inayobaki: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za kuchanganyika, na isishuke chini ya 0.2 maji yanapofika kwa mteja. Jua pia kwamba kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Kenya kinaitwa KS EAS 12. Kisha uende ukaone kwa macho. Kisumu National Polytechnic, Maseno na Masinde Muliro kule Kakamega wote wana maabara. Andika barua fupi uombe kukaa siku chache ukitazama vipimo vya maji. Wengine watakukatalia, usivunjike moyo; ukipata mahali pamoja patatosha. Jopo likiuliza umejifunzia wapi, utakuwa na jibu la kweli, na ukisema kweli sauti yako haitatetemeka.

Jambo jingine ambalo waombaji wengi hawalifanyi, na linanishangaza: hawaendi kuyatazama maji yenyewe. Mji wa Kisumu hupata maji kutoka ziwani Dunga na pia kutoka Mto Kibos kupitia mtambo wa Kajulu. Hivyo ni vyanzo viwili vyenye tabia mbili. Mto ukinyeshewa huko juu unaleta tope kwa ghafla, na kipimo cha shabu cha asubuhi hakifai tena mchana. Ziwa nalo lina mwani na gugu maji. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, maji yake hugeuka kijani kibichi, na baadhi ya mwani ule hutoa sumu. Panda boda uende Dunga jioni moja, uwaulize wavuvi ni miezi gani maji hubadilika rangi na harufu. Ikiwa kazi unayoiombea iko Nakuru, habari ni nyingine kabisa: huko soma floridi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa mpaka, na ndiyo sababu unakutana na watu wazima wenye meno ya rangi ya chai. Mwombaji anayejua shida ya maji ya mahali anapoombea kazi huwafanya wanajopo wainue vichwa kutoka kwenye karatasi zao.

Karatasi hizo zinafanya kazi gani? Katika majopo mengi ya taasisi za umma, kila mwanajopo ana fomu yake ya alama, na kila swali lina alama zake. Mwishoni alama hizo hujumlishwa. Ukijua hivyo utaelewa mambo mawili. La kwanza, usiseme "kama nilivyotaja awali" ukaishia hapo. Ulichosema kwenye swali la pili kilishapewa alama kwenye swali la pili. Swali la sita likikihitaji, kiseme tena chote. Waombaji waungwana wanaona haya kurudia, nao hupoteza alama hapo. La pili, yule mzee mkali ana fomu moja tu. Watu wakishambuliwa na mmoja huwasahau wengine, wakamkodolea macho yeye hadi mwisho kana kwamba chumba kina mtu mmoja. Mjibu kwa heshima, kisha uwaangalie wenzake. Huenda wao ni wanne.

Tuje kwenye ile miaka minne. Hofu iliyopo ni mbili: kwamba mkono umesahau kazi, na kwamba labda ulifukuzwa kwa kosa. Ya pili imalize kwa sentensi moja tulivu: kiwanda kilisimama, wafanyakazi wote tukaondoka. Usianze kuwasimanga wakurugenzi wala kueleza mshahara mliodhulumiwa, hata kama una haki, na najua huenda unayo. Jopo likisikia uchungu mrefu juu ya mwajiri wa zamani linajiona lenyewe kesho. Ya kwanza ijibu kwa yale mafunzo ya maabara. Mitumba pia itaje bila aibu, ila kwa kipimo: umeendesha biashara yako, umeweka hesabu, umelea watoto. Inatosha. Kuna walimu wa mahojiano wanaofundisha watu kuipamba meza ya sokoni mpaka iwe kampuni, na mwanajopo yeyote aliyewahi kununua shati Kibuye anajua anadanganywa.

Ushahidi wa miaka 13 unao? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi chenye tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Si barua ya kukusifu; sifa halazimiki kuandika, cheti analazimika kukitoa. Kama hamkupewa, muombe yeyote anayesimamia mali ya kiwanda sasa, kwa maandishi, na nakala uipeleke ofisi ya kazi. Ukiwa unangoja, chukua taarifa ya michango yako ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa kuwa inaonyesha mwajiri aliyekuwa akichangia na miezi yake. Hati za zamani za mshahara nazo zitafute hata kama ziko chini ya godoro kwa mama mkwe.

Sasa lile la mume. Kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na kinamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Mzee yule hakupaswa kuuliza alivyouliza. Hata hivyo hukwenda mle kushtaki, ulikwenda kutafuta kazi, na nyuma ya swali lake la kizamani kuna hofu halali ambayo hata mwanamume anaweza kuulizwa: usiku wa zamu utakuwepo? Jibu hiyo, umwache mume wako nje ya chumba. "Kiwandani nilifanya zamu za usiku kwa miaka 13, kwa hiyo mpangilio wa zamu nimeuzoea." Ikiwa ulizifanya kweli, sema hivyo tu. Hutaji watoto, huombi msamaha kwa kuwa nao. Akirudia mara ya pili, muulize kwa upole: "Je, zamu za kazi hii zimepangwa vipi?" Swali linarudi kwenye kazi, na mwenyekiti mwenye busara atalishika hapo. Ukija kunyimwa kazi kwa sababu hiyo na una ushahidi, ofisi ya kazi ipo na mahakama ya ajira ipo hapa Kisumu. Hilo ni suala la siku nyingine.

Kuhusu Kiingereza: aliyecheka ana tabia mbaya na sina zaidi la kusema juu yake. Wewe tumia sentensi fupi. Kosa la watu waliokaa muda bila kukizungumza ni kujaribu sentensi ndefu za ofisini, wakapotea katikati. Majibu yako ya mambo matano au sita uliyo na hakika yataulizwa yaseme kwa sauti kila siku, peke yako au mbele ya binti yako wa sekondari kama unaye, kwa maneno yako mwenyewe. Usiyakariri neno kwa neno, maana ukisahau moja yanaanguka yote. Usipoelewa swali, omba lirudiwe. Hakuna anayekatwa alama kwa hilo.

Uwe tayari pia kwa swali la bosi mdogo. Umri wako na uzoefu wako vinamtia mtu wasiwasi kwamba hutapokea amri kutoka kwa kijana wa miaka 28. Waambie kwamba kwenye vipimo vya bakteria yeye ndiye atakayekufundisha na uko tayari kufundishwa. Swali la udhaifu wako, nalo, usilisumbukie: vipimo vya bakteria vipo hapo, vitaje na uwaeleze wanajopo ulichofanya ili kujifunza.

Anayekupigia simu usimtumie kitu. Mara nyingi watu hawa hawamjui yeyote kwenye jopo. Wanapata orodha ya walioitwa, wanawapigia wote, na mmoja akipita kwa nguvu zake wanajisifu kwamba ni wao. Akiwa ni mtu wa ndani kweli, basi ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji. Weka nambari yake na ujumbe wake, na ukipenda upeleke ofisi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hapa mjini. Usimjibu kwa matusi, usimjibu kabisa.

Pesa uliyo nayo itatumika vizuri zaidi kwenye nauli ya maabara na, baadaye, kwenye vyeti. Baadaye, nasema, kwa sababu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanataka vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), mwenendo mwema na vinginevyo vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu, viombwe mwajiri anapokupa kazi, si wakati wa kuomba. Matangazo mengine bado yanavidai mapema. Soma barua yako: kama imesema uvilete siku ya mahojiano, vilete, usiende kubishana sheria mlangoni. Kama haikusema, usitoe senti sasa.

Usikose kujua unataka mshahara kiasi gani, maana utaulizwa na wengi hapo huanza kutazama dari. Hesabu kwa pesa za mkononi. Kwa viwango vilivyopo ninapoandika, mshahara wa 60,000 unakatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba ya serikali, kisha kodi ya mapato. Unabaki na kama 45,000. Linganisha hiyo na faida unayopeleka nyumbani kutoka Kibuye kwa mwezi, baada ya kutoa bei ya bale, ushuru wa soko na nauli. Ukiona Kibuye inakupa zaidi, basi swali lako la mwisho umelijibu mwenyewe, na hakuna aibu katika jibu hilo. Ukiona kazi inashinda, ukumbuke kwamba ina bima na akiba ya uzeeni ambayo meza haina. Taasisi za umma nyingi zina ngazi za mishahara ambazo hazisogei, kwa hiyo uliza kwanza: "Nafasi hii iko ngazi gani?" Wakikuambia, sema unaikubali au taja kiwango ndani yake, bila kujishusha kwa sababu ya ile miaka minne.

Wakikupa kazi, miezi ya kwanza itakuwa ya majaribio. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira kinasema isizidi sita, na inaweza kuongezwa hadi sita mingine kwa makubaliano yako. Ndani ya muda huo wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7. Kwa hiyo meza usiiuze mwezi wa kwanza, mtafute mtu wa nyumbani aishike. Na barua ya ajira kabla ya kuisaini itazame kama imetaja cheo, tarehe ya kuanza, mshahara, muda wa majaribio na mpangilio wa zamu. Kisichoandikwa, uliza kiandikwe.